Nicodemus, Kansas

Nicodemus ni kijiji katika Wilaya ya Graham, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, Marekani. Kilianzishwa mwaka 1877, na walowezi wake wa mwanzo walikuwa Wamarekani weusi, wengi wao kutoka Kentucky, waliokuwa wametoka utumwani. Miti ilikuwa haba, hivyo waliishi kwanza katika makao yaliyochimbwa ardhini. Mkazi wake Edward P. McCabe alichaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo mwaka 1882.

Mwaka 1888 reli ilikipita kando, wafanyabiashara wakahama. Yawezekana kudai kwamba kijiji kilishindwa, kwani sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 14 tu. Hata hivyo, idadi hiyo inapima uchumi wa reli na kilimo, haipimi uwezo wa waanzilishi: walimiliki ardhi, wakajenga shule na makanisa, wakashika madaraka ya umma. Wazao wao hurejea kila mwaka kuadhimisha ukombozi, na tangu 1996 kijiji ni Eneo la Kihistoria la Taifa.