Dawa ya fangasi kwenye damu: Kwa nini njia ya kupima inabadilisha majibu?

Vidonge ni vilevile na dozi ni ileile, lakini kiwango cha dawa kwenye damu ya wagonjwa wawili kinaweza kupishana sana. Kwa vorikonazoli, inayotibu fangasi hatari wa mapafu, sababu kubwa ni kwamba ini la kila mtu huivunja dawa kwa kasi yake. Ikipungua, ugonjwa unaendelea. Ikizidi, inaweza kuumiza ini au kumfanya mgonjwa aone vitu visivyokuwepo.

Ndiyo maana damu hupimwa, kwa kawaida muda mfupi kabla ya dozi inayofuata. Kwa vorikonazoli, madaktari wengi hulenga kati ya 1 na 5.5 mg/L.

Njia tatu za maabara

1. Kupima kwa vijidudu. Ni njia ya zamani. Damu huwekwa kwenye sahani iliyooteshwa fangasi. Eneo wanaposhindwa kuota likiwa pana, dawa ni nyingi. Ni rahisi, ila majibu husubiri fangasi waote, na haitofautishi dawa moja na nyingine.

2. HPLC. Mashine hutenganisha kemikali zilizo kwenye sampuli, kisha hupima kila moja peke yake.

3. LC-MS/MS. Hutenganisha kemikali, kisha huzitambua kwa uzito wa molekuli. Inatumia damu kidogo na hupima dawa kadhaa kwa mkupuo. Tatizo ni bei ya mashine na uhaba wa wataalamu.

Mtego uko wapi?

Uko kwenye itrakonazoli. Mwili huibadilisha kuwa kemikali nyingine ambayo nayo inaua fangasi. Kipimo cha vijidudu huhesabu zote mbili pamoja, wakati HPLC huitaja itrakonazoli peke yake. Mwongozo wa Uingereza wa 2014 unataka angalau 0.5 hadi 1 mg/L kwa HPLC, lakini 5 hadi 17 mg/L kwa vijidudu.

Sasa chukua jibu la 4 mg/L lililotoka kwenye kipimo cha vijidudu. Hapo dawa ni pungufu. Daktari akilisoma kama la HPLC, ataona mambo yako sawa na dozi haitaongezwa.

Cha kufanya

Uliza njia iliyotumika, rudia kipimo kwenye maabara ileile, na taja saa uliyomeza dawa mara ya mwisho. Usibadili dozi mwenyewe.