Msimamizi wa Hospitali na Ufunguo wa Kasha

Hospitali ya umma ikiishiwa glavu, lawama humwendea msimamizi wake kwanza: mzembe, hajui kazi, ametupwa pale kwa kujuana. Huenda kweli ni mzembe. Lakini historia ya hospitali za umma nchini Kenya inafundisha kwamba tabia ya mtu haitoshi kueleza kwa nini huyu anafaulu na yule anashindwa. Yapo maswali mawili yanayotangulia: nani ameshika ufunguo wa kasha, na nani anahesabu kinachotoka humo.

Mwaka 1965, serikali changa ya uhuru iliondoa ada ya shilingi tano waliyotozwa wagonjwa wasiolazwa, na hospitali zikategemea kodi. Kidogo kilichokusanywa kilirudi Hazina, Nairobi. Mwaka 1989 ukaja mpango wa kuchangia gharama, na ndani yake kanuni iliyobadilisha kazi ya msimamizi: asilimia 75 ya makusanyo ibaki hospitalini, asilimia 25 iende kwenye huduma za msingi za afya wilayani. Dizeli ya jenereta, sabuni ya kufulia mashuka na bendeji sasa vingeweza kununuliwa kwa fedha zilizokuwa pale pale. Bodi za afya za wilaya zilizoundwa mwaka 1992 zikapewa kazi ya kuangalia matumizi. Mtu atapinga kwamba ada hizo ziliwaumiza maskini, na ni kweli: katika zahanati ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi wagonjwa walipungua mno ada zilipoanza, na mwaka 1990 serikali ikasitisha ada za wasiolazwa kwa muda. Hata hivyo, kilichowaumiza ni kwamba fedha zilitoka mifukoni mwao. Fedha za kodi au za bima nazo zinaweza kukaa katika kasha hilo hilo la hospitali bila mgonjwa kudaiwa mlangoni.

Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, hospitali zikawa chini ya kaunti. Katiba ya 2010 ilikuwa imeunda Hazina ya Mapato ya kila kaunti, na kaunti nyingi zikaziagiza hospitali kupeleka huko kila shilingi. Msimamizi aliyekuwa akiidhinisha ununuzi mwenyewe sasa aliandika barua kwa idara ya afya, idara ikaomba kwa wenye fedha, naye akasubiri huku stoo ikizidi kuwa tupu. Watafiti waliochunguza hospitali za Pwani ya Kenya miaka hiyo walikuta uongozi umedhoofika, wafanyakazi wamevunjika moyo na ushiriki wa wananchi umepungua. Madaktari hawakuwa wamesahau kazi yao kwa usiku mmoja. Majengo yalikuwa yale yale na wagonjwa wale wale. Kilichohama ni ufunguo.

Wapo wanaosema, kwa hofu ya haki, kwamba fedha zikiachwa hospitalini zitaibwa. Lakini kuzihamishia makao makuu ya kaunti hakumwondoi mwizi. Kunamweka mbali na macho ya wanaojua. Muuguzi wa wodi anajua kama mashuka mapya yalifika. Mama aliyejifungua anajua kama aliambiwa akanunue uzi wa kushonea nje ya geti. Ndiyo maana baadhi ya kaunti zilitunga sheria zao za kuziachia hospitali mapato, na mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya nchi nzima yenye lengo hilo. Sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa msimamizi: daktari hodari wa kisu bado anahitaji kufundishwa bajeti, ununuzi na kuongoza watu. Basi tumfundishe, tumkabidhi ufunguo, kisha tumdai hesabu mara kwa mara mbele ya bodi yenye wakazi wanaotibiwa hapo. Glavu zikikosekana baada ya hayo yote, lawama itakuwa imempata mwenyewe.