Marehemu wa Ujiji Aliyekuwa Hai

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya fedha iliyolipwa kwa mtu asiyestahili, na jinsi ya kuirudisha. Najua mada hii inawachoma wengi. Hata mimi inanichoma, na sababu yake nitaieleza kabla sijamaliza.

Tuanzie kwetu Ujiji, mwaka 1871. Wageni wanaofika pale huonyeshwa miembe na mnara wa kumbukumbu, wakaelezwa jinsi Stanley alivyokutana na Dk. Livingstone. Wakishapiga picha hurudi Kigoma mjini, na jambo lililotangulia makutano yale hawaambiwi.

Livingstone aliingia Ujiji mwezi Oktoba mwaka ule akitokea Manyema, mgonjwa na amechoka. Alikuwa na tumaini moja tu. Alijua kwamba bidhaa zake zilizotumwa kutoka Unguja zinamngoja: yadi 3,000 za kitambaa na ratili 700 za shanga. Katika njia za misafara, kitambaa na shanga ndizo zilizokuwa fedha. Kwa vitu hivyo mtu alinunua chakula, akalipa wapagazi na kuvuka mito.

Alikuta ghala tupu. Msimamizi wa msafara ule, aliyeitwa Sherif, alikuwa ameuza kila kitu na kujinunulia watumwa na pembe za ndovu. Alipoulizwa, alijitetea kwamba alikuwa ameagua kwa Kurani, akaona kuwa mwenye mali amekwisha kufa. Livingstone aliandika katika kumbukumbu zake kwamba Sherif alikuwa amekwisha kujua kutoka kwa watu waliomwona kuwa mzee yu hai, anangojea vifaa vyake. Aliandika pia kwamba mtu huyo alimjia bila haya yoyote, akataka kumpa mkono.

Kilichomwokoa Livingstone asiwe ombaomba ni akiba kidogo aliyokuwa ameiweka kwa Mohamed bin Saleh, mkazi wa Ujiji, kabla hajaenda Manyema. Akiba ile ilikuwapo vile vile alivyoiacha. Kwa hiyo tusiseme kwamba watu wa zamani walikuwa wezi, wala tusiseme walikuwa malaika. Katika mji mmoja, mwaka mmoja, mtu mmoja alikula amana na mwingine akaitunza.

Sasa tusogee mbele miaka 145. Mwezi Machi 2016, Rais John Magufuli aliwapa wakuu wa mikoa siku 15 wawatafute na kuwaondoa watumishi hewa. Mkuu wa mkoa mmoja alitangaza kuwa mkoani kwake hakuna hata mmoja. Uchunguzi ukaonyesha wako 45, naye akaondolewa kazini mwezi Aprili. Haikuchukua muda, hesabu ya nchi nzima ikapita 10,000.

Mtumishi hewa ni nani? Mara nyingi ni mtu aliyekufa, au aliyestaafu, au aliyeacha kazi, na mkuu wake wa kazi hakupeleka taarifa. Jina linabaki katika orodha na mshahara unaendelea kutoka. Zamani ulitoka dirishani kwa dole gumba, siku hizi unaingia benki. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alilieleza jambo hilo katika ripoti zake kwa miaka kadhaa kabla ya 2016.

Tazama basi jinsi mambo yalivyogeuka. Sherif alimtangaza mtu hai kuwa maiti ili ale mali yake. Wajanja wa siku zetu waliwatangaza maiti kuwa hai, kwa nia ile ile. Na katika visa vyote viwili kulikuwa na watu waliojua ukweli. Ujiji walijua kwamba mzee anakuja. Ofisini walijua kwamba mwenzao wamemzika, maana pengine walichanga rambirambi na kubeba jeneza.

Lakini, ndugu msikilizaji, tukiishia hapo tutakuwa hatukutenda haki, kwa sababu dola nayo imewahi kula haki ya maiti. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, wananchi wengi wa Afrika Mashariki walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi. Jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam, linatokana na kikosi hicho cha wachukuzi wa Waingereza. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa kuhara, malaria na njaa. Vita vilipokwisha, mishahara yao ilikuwa haijachukuliwa. Waliulizwa wako wapi warithi, majina yaliandikwaje, nani atathibitisha. Wakubwa walibishana kwa miaka, na sehemu kubwa ya fedha ile haikuwafikia wajane wala mayatima.

Hapa Kigoma tuna ukumbusho wa vita hivyo. Meli ya Wajerumani iliyozamishwa mwaka 1916 iliibuliwa kutoka ziwani mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Chuma kilipata wa kukiibua. Mishahara ya wapagazi haikupata.

Nasema haya kwa sababu mara nyingi tunapozungumzia udanganyifu wa mafao tunamtazama mwananchi peke yake. Mwaka 2017 ilitangazwa kuwa watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Kughushi ni kosa, sitalitetea. Lakini wengine kati yao walikuwa wamefundisha watoto na kuuguza wagonjwa miaka mingi, na kila mwezi walikatwa michango ya hifadhi ya jamii. Je, na michango hiyo ipotee? Walingoja jibu hadi mwaka 2022, Serikali ilipokubali kuwarejeshea ile sehemu waliyochangia wenyewe. Nadhani lilikuwa jibu la haki: adhabu ya kosa ni jambo moja, na jasho la mtu ni jambo jingine.

Siku hizi pia tunalo fao la kukosa ajira, lililoanza mwaka 2018. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, akapoteza kazi bila kuacha kwa hiari yake, hulipwa theluthi ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita. Kwa aliyekuwa akipata shilingi 300,000, ni kama shilingi 100,000 kwa mwezi. Si utajiri. Lakini mwajiri anaweza kumwandikia mtu barua ya uongo kwamba amepunguzwa kazi, na mtu anaweza kupata kazi mpya kimya kimya huku akiendelea kupokea. Fedha hiyo haitoki mbinguni. Imechangwa na wanachama wengine.

Na gharama haiishii kwenye fedha. Kila udanganyifu ukigunduliwa huja uhakiki, na uhakiki humwangukia asiye na kosa. Wazee waliofanya kazi katika ile Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977, wakiwamo wa reli na bandari, walianza kulipwa madai yao mwaka 2005, nao walitakiwa kutoa karatasi za miaka mingi iliyopita. Mjanja akiiba leo, kesho mzee mwenye fimbo anapangwa foleni athibitishe kwamba yeye ni yeye, na kwamba yu hai.

Sasa nitimize ahadi yangu. Mwaka 1994 nilihamishwa kituo cha kazi. Kwa uzembe wa karani, jina langu likabaki kule nilikotoka na likaandikwa kule nilikokwenda. Nikapokea mishahara miwili kwa miezi minne. Nilijiambia kwamba kosa si langu, kwamba mshahara wenyewe ni mdogo, na kwamba watagundua wenyewe. Nikaezeka bati nyumba ya wazazi.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa pale Kibirizi. Alipoyaona mabati aliniuliza yametoka wapi, nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, sisi hutoka ziwani alfajiri tukagawana kwa ndoo. Mgawaji akipotea hesabu akakupa ndoo mbili, ndoo ya pili si ya mgawaji. Ni ya mwenzako aliyekesha na karabai kama wewe."

Wiki iliyofuata nilikwenda kuripoti. Wakanikata mshahara wote kwa mkupuo, miezi minne sikuona senti, na watoto wangu wakaishi kwa dagaa wa babu yao. Yule karani hakuulizwa neno.

Hapo ndipo nilipojifunza pande mbili za jambo hili. Sheria yetu ya Mikataba inasema aliyelipwa kwa makosa lazima arudishe, na ni haki. Lakini aliyedanganya na aliyelipwa kwa kosa la ofisi wasipimwe kwa mizani moja. Mdanganyifu apelekwe mahakamani. Aliyekosewa hesabu akatwe kidogo kidogo, watoto wale, na aliyekosea hesabu naye aulizwe. Vinginevyo, nani mwingine atakayekwenda kuripoti kwa hiari yake?

Mimi nilirudisha, lakini baada ya miezi minne, na baada ya kuulizwa na mzee asiyejua kusoma. Kwa hiyo simhukumu mtu. Namwomba tu kila anayepokea cha ziada mwezi huu ajiulize swali la baba yangu: ndoo hii ya pili ni ya nani?