Kibao cha Mbwa Mkali

Sheria ya fidia kwa aliyeumwa na mbwa ni ya kale mno. Mjini Eshnunna, katika Iraki ya leo, karne ya 18 kabla ya Kristo, iliandikwa hivi: wakubwa wa mtaa wakimwonya mtu kuwa mbwa wake ni mkali, naye asimchunge, kisha mbwa akauma mtu hata akafa, mwenyewe atalipa shekeli 40 za fedha. Akifa mtumwa, shekeli 15. Ndiyo bei ya watu siku zile!

Waingereza nao walishikilia sharti hilo la mwenye mbwa kujua. Mwaka 1865 Bunge lao lilimwondolea mfugaji mzigo huo: kondoo au ng'ombe akiumwa, mwenye mbwa alipe tu. Binadamu je? Aliachwa atafute mashahidi.

Sheria yao ya mazoea ililetwa Kenya mwaka 1897, Tanganyika 1920. Basi kile kibao cha "Mbwa Mkali" getini, ambacho wengi hudhani ni kinga ya mwenye nyumba, mbele ya hakimu chaweza kugeuka ungamo: alijua.