Kifaransa cha watoto wetu: tulikotoka



Katika toleo hili la kumbukumbu nimeombwa niandike juu ya shule. Nitaanza na ombi ninaloletewa na wazazi kila mwaka: "Mwalimu, fundisha Kifaransa tupu tangu mwaka wa kwanza. Kiswahili watoto wanakiokota bombani." Ombi hili si geni. Nchi yetu ya Kongo ilikwisha kulijaribu.

Wakati wa Wabelgiji shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Programu ya mwaka 1929 ilitaka mtoto aanze kwa lugha ya wenyeji: Kiswahili kwetu Kivu na huko Katanga, kwingineko Lingala, Kikongo au Tshiluba. Jambo lenyewe lilikuwa jema, ila nia haikuwa njema yote, kwani Kifaransa cha kutosha waliwekewa wachache, waliotarajiwa kuwa makarani na wasaidizi. Wazee wetu waliona wamefungiwa mlango. Ndiyo maana shule za serikali zisizo za dini, zilizofunguliwa mwaka 1954 chini ya waziri Auguste Buisseret na kufundisha kwa Kifaransa, zilitamaniwa sana.

Baada ya uhuru, mwaka 1962, Kifaransa kikafanywa lugha ya masomo yote tangu darasa la kwanza. Wakubwa walikuwa na sababu: watu waliidai lugha waliyonyimwa, tena hakuna jimbo ambalo lingelalamika kwamba lugha ya wengine imependelewa. Lakini nani angefundisha? Walimu wengi wa msingi hawakuwa wamemaliza sekondari. Mwalimu anayejikwaa mwenyewe katika Kifaransa alipaswa kueleza hesabu kwa Kifaransa, mbele ya watoto wasiokisikia nyumbani hata siku moja. Darasa likaimba sentensi za ubaoni bila kujua zinasema nini.

Katikati ya miaka ya 1970 serikali ikarudi nyuma: miaka miwili ya kwanza kwa lugha ya taifa, Kifaransa kikiwa somo. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 nayo inazitambua lugha za taifa na za mazingira ya mtoto.

Hapa Nyarugusu, tangu kambi ifunguliwe mwaka 1996, shule zetu Wakongo zimefuata programu ya nyumbani, kwa ajili ya siku ya kurudi. Kwa hiyo Kifaransa sikikatai. Lakini mtoto wa Fizi anayezungumza Kibembe nyumbani, hata Kiswahili cha kitabuni ni kigeni kwake. Tukimtwika na Kifaransa cha kusoma wiki hiyohiyo, anabeba mizigo miwili kichwani.

Mimi hufundisha kusoma na kuandika kwa Kiswahili. Kifaransa ni nusu saa kila siku, kwa mdomo tu: salamu, majina ya vitu, "simama", "fungua mlango", na wimbo. Kalamu inakuja baadaye. Mzazi mwenye shaka aje Ijumaa asubuhi, kabla ya mapumziko, akae benchi la nyuma asikilize.