Kucheza kwa Ajili ya Kucheza

Katika ngazi za chini za ligi ya Scotland kuna klabu ambayo kwa miaka 152 haikumlipa mchezaji mshahara. Inaitwa Queen's Park, ya Glasgow. Ilianzishwa Julai 9, 1867, na hakuna klabu ya soka nchini humo iliyo kongwe kuliko hiyo. Jezi yake ni ya milia myeusi na myeupe, jina lake la utani ni Buibui, na kaulimbiu yake imeandikwa kwa Kilatini: Ludere Causa Ludendi. Maana yake ni kucheza kwa ajili ya kucheza.

Mimi ni shabiki wake. Nikisema hivyo, wa Dar es Salaam na wa Glasgow huniuliza swali lile lile: kwa nini?

Jibu jepesi ni kwamba nilikuwa nakaa karibu. Nilikwenda Glasgow kusoma, nikapata chumba upande wa kusini wa jiji, mwendo wa miguu kutoka uwanja wa Hampden. Jibu la pili linahusu jiji lenyewe. Mtu akikufahamu kidogo tu Glasgow atataka kujua wewe ni wa Celtic au wa Rangers. Aliyekulia kati ya Simba na Yanga atadhani amelielewa swali, lakini swali la kule limebeba mzigo mwingine. Ndani yake kuna Ukatoliki na Uprotestanti, kuna Ireland, kuna mtaa uliozaliwa na shule uliyosoma. Nikijibu "Queen's Park", watu hucheka, na mazungumzo huendelea kwa amani.

Hampden ni uwanja wa taifa. Una viti zaidi ya 50,000, na siku ambazo Queen's Park tulicheza pale katika daraja la mwisho, tuliokaa tulikuwa mamia machache, tumekusanyika jukwaa moja kama waumini wachache katika kanisa kuu. Kila kitu kinasikika. Unamsikia kipa akiwapanga mabeki wake, unasikia mguu ukigonga mpira, na mzee aliyeketi nyuma yako akimtukana mwamuzi, mwamuzi mwenyewe anageuka. Mkononi una pai ya nyama na kikombe cha Bovril, mchuzi wa nyama unaonywewa kama chai. Baridi inapanda kutoka kwenye kiti. Tukifungwa, na tulifungwa sana, hakuna anayepiga kelele za hasira. Watu hukunja skafu, wakaagana mpaka Jumamosi ijayo.

Mtu akikaa pale majira kadhaa, historia humfuata yenyewe, kwa sababu wazee wa Queen's Park wanaisimulia kama ukoo wao. Na ni historia kubwa kuliko ukubwa wa klabu.

Msimu wa 1871/72, michuano ya Kombe la FA ilipoanza Uingereza, Queen's Park ilitoa guinea moja, yaani pauni moja na shilingi moja, kuchangia ununuzi wa kombe lililogharimu pauni 20. Ilifika nusu fainali na kutoka suluhu na Wanderers huko London. Mechi ilitakiwa kurudiwa, lakini vijana wa Glasgow hawakuwa na fedha za kuendelea kukaa London. Wakajitoa, wakarudi nyumbani. Wanderers ndio waliochukua kombe.

Novemba 30, 1872, katika uwanja wa kriketi wa Partick, Scotland na England zilicheza mechi ya kwanza rasmi ya kimataifa duniani. Wachezaji wote 11 wa Scotland walikuwa wanachama wa Queen's Park, na walivaa jezi ya buluu iliyoiva ya klabu yao. Scotland inavaa buluu hiyo mpaka leo. Waingereza walikuwa wakubwa wa miili, na mtindo wao ulikuwa kila mtu kuchukua mpira na kuchenga mpaka anyang'anywe. Waskoti walikuwa wepesi zaidi, wakawa wanapeana. Mechi ikaisha bila bao, lakini wazo la pasi halikuisha. Miaka ya 1880 klabu za England zilikuwa zikiwafuata wachezaji wa Scotland waende kuzifundisha mpira huo, na watu wakawabandika jina la "maprofesa". Kila ukiona timu ikipiga pasi 20 kabla ya kuvuka katikati ya uwanja, kuna kitu cha Glasgow ndani yake.

Mwaka uliofuata Queen's Park iliongoza kuundwa kwa chama cha soka cha Scotland, kisha ikabeba Kombe la Scotland mara tatu za mwanzo. Klabu ya kwanza ya Scotland kuifunga ilikuwa Vale of Leven, Desemba 1876. Hiyo ilikuwa timu ya bonde lenye viwanda vya kutia nguo rangi. Naitaja kwa makusudi, maana hapo ndipo simulizi ya kaulimbiu yetu inapoanza kuwa na mikunjo.

Waanzilishi wa Queen's Park walikuwa watu wa maofisini na wafanyabiashara. Kwao, kucheza bila malipo lilikuwa jambo la heshima. Kwa kijana wa kiwandani au wa mgodini mambo yalikuwa tofauti: safari ya mechi ilimaanisha saa za kazi zilizokatwa kwenye mshahara, na mguu uliovunjika ulimaanisha familia kulala njaa. Alipotokea tajiri wa Lancashire akamwahidi pauni kadhaa kwa wiki acheze mpira, hakuwa na sababu ya kukataa. England iliruhusu malipo mwaka 1885. Ligi ya Scotland ilipoanza mwaka 1890, Queen's Park iligoma kujiunga, ikiona kwamba ligi ni mlango wa kuingizia mishahara. Haikukosea. Mwaka 1893 malipo yaliruhusiwa Scotland pia. Mwaka huo huo Queen's Park iliifunga Celtic na kubeba Kombe la Scotland mara ya 10. Haijalibeba tena.

Ilijiunga na ligi mwaka 1900, ikiwa bado ya ridhaa. Mwaka 1903 ilifungua Hampden ya sasa, ambayo kwa karibu nusu karne ilikuwa uwanja mkubwa kuliko wote duniani, mpaka Maracanã ilipojengwa. Mwaka 1937 watu 149,415 waliingia humo kuitazama Scotland ikicheza na England. Mwenye nyumba alikuwa klabu ambayo wachezaji wake hawakulipwa. Uwanja ndio uliolisha klabu. Timu yenyewe ilishuka daraja mwaka 1958 na mpaka sasa haijarudi ligi kuu.

Hampden hii ni ya tatu. Ya kwanza ilikuwa si mbali nayo, mahali ambapo leo kuna klabu ya wazee wanaoviringisha matufe kwenye nyasi zilizokatwa kama zulia. Kwenye ukuta kuna mchoro mkubwa unaokumbuka siku Scotland ilipoifunga England mabao 5-1 mwaka 1882. Mmoja wa waliochorwa ni mtu mweusi.

Anaitwa Andrew Watson. Alizaliwa mwaka 1856 Demerara, katika Guyana ya leo. Mama yake, Hannah Rose, alikuwa mwanamke wa huko. Baba yake, Peter Miller Watson, alikuwa Mskoti kutoka familia iliyotajirika kwa mashamba ya miwa na kwa watumwa walioyalima. Andrew alipelekwa Uingereza angali mtoto, akasoma shule za watu wenye uwezo, na mwaka 1875 akaingia Chuo Kikuu cha Glasgow. Alikaa mwaka mmoja tu. Mpira ulimchukua. Alicheza beki katika klabu ya Parkgrove, kisha mwaka 1880 akahamia Queen's Park, ambako alikuwa pia katibu. Machi 12, 1881 aliiongoza Scotland kama nahodha jijini London, na wakaifunga England mabao 6-1. Mpaka leo England haijapata kipigo kikubwa kuliko hicho nyumbani kwake. Watson alichezea Scotland mara tatu na kushinda zote tatu. Ilipita miaka zaidi ya 120 kabla ya mtu mweusi mwingine, Nigel Quashie, kuichezea mwaka 2004.

Nilisimama mbele ya mchoro ule muda mrefu. Nilijivuna, sifichi. Katika majukwaa yetu nilikuwa nimezoea kuwa mweusi peke yangu katika safu, na kumbe klabu hii ilikuwa na nahodha mweusi kabla ya Mkutano wa Berlin. Lakini nilipoendelea kusoma, kitu kingine kilinikaa kooni. Watson aliwezaje kucheza bure? Baba yake alifariki mwaka 1869 na kumwachia urithi wa kutosha kuishi bila kuhangaikia ajira. Kwa maneno mengine, mwana wa Hannah Rose alicheza kwa ajili ya kucheza kwa fedha ya miwa ya Demerara. Kuna watu walioilima miwa ile wakiwa watumwa, na hao ndio hasa waliofanya kazi bila mshahara.

Simlaumu. Hakuchagua urithi wake, na baadaye alisomea uhandisi wa meli na kufanya kazi hiyo. Alifariki London mwaka 1921, akasahaulika kiasi kwamba kaburi lake lilikaa kwa miaka mingi bila kutunzwa. Ninachosema ni kwamba kaulimbiu yetu nzuri haijawahi kumaanisha kwamba hakuna anayelipa. Imemaanisha kwamba anayelipa haonekani.

Sisi Watanzania tunapaswa kulielewa hilo upesi. Kwa miongo mingi soka letu liliitwa la ridhaa, lakini wachezaji wa Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza na Bandari ya Mtwara waliishi vipi? Waliandikwa kazi kwenye shirika lenye timu. Jina la mchezaji lilikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi, miguu yake ilikuwa uwanjani. Mashirika yalipoyumba, timu nazo ziliyumba. Hakukuwa na mpira wa bure kule Glasgow, hakukuwa na mpira wa bure Mwanza.

Queen's Park yenyewe ilifika huko polepole. Kwa kuwa mchezaji wa ridhaa hana mkataba wa malipo unaomfunga, klabu ililea vijana na kuwaona wakiondoka. Alex Ferguson alianzia hapa akiwa na miaka 16. Andy Robertson alicheza hapa msimu wa 2012/13, huku akifanya kazi ya kupokea simu za wateja wa tiketi palepale Hampden. Mwaka 2019 alibeba kombe la Ligi ya Mabingwa akiwa na Liverpool. Novemba mwaka huo huo, wanachama wa Queen's Park walipiga kura, na zaidi ya asilimia 90 wakakubali kuachana na ridhaa. Hampden nayo ilikuwa imeshakubaliwa kuuzwa kwa chama cha soka kwa pauni milioni 5.

Baadhi ya wazee wa jukwaani kwetu walihuzunika, na nawaelewa. Walikuwa wamebaki na kitu kimoja tu ambacho Celtic na Rangers hawana, nacho kilikwenda kwa kura. Mimi niliipokea kura ile kwa moyo mweupe. Kijana wa Glasgow ambaye baba yake hakumwachia shamba wala duka sasa angeweza kuvaa milia na kulipa kodi ya chumba. Matokeo nayo yalikuja. Tulipanda daraja mwaka 2021 na tena 2022. Mei 2023, siku ya mwisho ya msimu, tulikuwa mechi moja tu kutoka kurudi ligi kuu baada ya miaka 65. Dundee walitufunga 5-3, na wao ndio waliopanda. Nilirudi nyumbani kwa treni iliyojaa watu wazima wasiosema neno.

Halafu ikaja Februari 9, 2025. Kombe la Scotland, ugenini Ibrox, dhidi ya Rangers. Bao moja la Seb Drozd kipindi cha pili. Dakika za nyongeza Rangers wakapata penalti, na kipa wetu, Calum Ferrie, akaicheza. Moja bila. Watu waliokuwa wakinicheka kwa jibu langu walinitumia ujumbe siku nzima.

Vijana wale 11 walikuwa wanalipwa, na furaha yangu haikupungua hata kidogo. Kaulimbiu bado iko kwenye nembo, na sioni sababu ya kuifuta, ila imehamia kwa wengine. Wachezaji wana mikataba, kocha ana mkataba, hata mwamuzi ana posho yake. Aliyebaki bila kulipwa katika Queen's Park ni yule mzee wa nyuma yangu, anayenunua tiketi yake kila Jumamosi ili apate mtu wa kumtukana, na mimi ninayekaa mbele yake nikipuliza Bovril ipoe.