Saa mbili za mwisho za Roosevelt

Wadau, Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, tunamkumbuka kwa vita. Leo tutazame kifo chake, maana kina somo kwa sisi tunaosema presha ni ugonjwa wa matajiri.

Aprili 12, 1945, saa saba mchana na ushei, alikuwa Warm Springs, jimbo la Georgia, amekaa anachorwa picha. Mara akalalamika kichwa kinamuuma vibaya mno, akapoteza fahamu. Daktari wake wa moyo, Howard Bruenn, akakuta presha imevuka 300 kwa 190. Mshipa ulikuwa umepasuka ndani ya ubongo. Saa 9:35 alasiri akafariki, akiwa na miaka 63.

Daktari alikuwa na nini mkononi? Mablanketi, chupa za maji ya moto na dawa za kutanua mishipa. Basi.

Na dalili zilikuwepo. Machi 1944 Bruenn huyo huyo alikuta presha ni 186 kwa 108. Akampunguzia chumvi, akampa dawa ya moyo, akamtaka apumzike. Vidonge vya presha kama klorothiazidi vilikuja 1958. Daktari mkuu wa Rais, Ross McIntire, yeye aliwaambia waandishi wa habari kuwa afya ya mzee ni nzuri! Bruenn alichapisha kumbukumbu zake za matibabu mwaka 1970.

Tangu hapo nini kimebadilika? Kwanza, macho. Oktoba 1971, hospitali ya Atkinson Morley, London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya CT. Sasa daktari anaweza kujua kama mshipa umeziba au umepasuka. Tofauti hiyo ni uhai: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ukimpa anayevuja damu, unammaliza.

Pili, ilieleweka kwamba mapigo ni mawili. La kwanza ni mshipa kupasuka, na hilo halirudishiki. La pili linakuja taratibu: damu inaweza kuendelea kuvuja kwa saa kadhaa, ubongo unavimba kwa siku kadhaa, na fuvu halitanuki. Hilo la pili ndilo linalopiganiwa.

Wengi walitegemea kisu. Lakini mwaka 2005 utafiti wa STICH, wenye wagonjwa 1,033, haukuona faida ya jumla ya kuwahi kuwapasua wote.

Mwaka 2023 ukaja utafiti wa INTERACT3: wagonjwa zaidi ya 7,000, nchi 10, Nigeria ikiwemo. Walifanya mambo manne kwa pamoja na kwa haraka: presha ya juu ishuke chini ya 140 ndani ya saa moja, sukari idhibitiwe, homa ishushwe, na waliokuwa wakitumia dawa za kuzuia damu kuganda nguvu yake iondolewe. Vifo na ulemavu vikapungua.

Kwa hiyo mdau, mtu akipinda mdomo, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito ghafla, usimpe aspirini, usingoje kukuche. Mkimbize hospitali.

Swali langu kwenu: hospitali ya wilaya yako inaweza kufanya hayo manne usiku wa manane? Tuambiane hapa.